Tulikuwa saba kwenye Noah na mama mkwe anauliza kama kuna ugali

Swali la msomaji: "Dada habari za kazi. Mi niko Buswelu. Mwezi uliopita tulienda harusini Nairobi, tukapitia Sirari na Noah ya shemeji, tupo saba ndani pamoja na mama mkwe. Tumeingia mjini njaa inauma tukakata kona kwenye sehemu ya kuku wa kukaanga, ile unaagiza ukiwa ndani ya gari. Spika ikaongea nikashtuka nikajibu 'shikamoo', watoto wakaanza kucheka, kila mtu anataka chake, mama mkwe anauliza kama wana ugali, nyuma honi. Kufika dirishani nikaongeza soda mbili, tukaambiwa tusogee mbele tupaki tusubiri, na wa nyuma yetu wakapewa wakaondoka. Mama mkwe mpaka leo anasema tulidharauliwa sababu ya namba za Tanzania. Nilikosea wapi? Alafu mke wangu kasema nikuulize na hili: hapa Mwanza nikifika kwa muuza chipsi napiga honi niletewe garini, yeye anasema ni ushamba, mimi nasema ni huduma."

Poleni na safari mdogo wangu. Naanza na mama manake ndo mwenye maumivu. Mwambie hakudharauliwa. Kuambiwa mkapaki pembeni msubiri ni jambo la kila siku kwenye draivu-thruu, na mara nyingi anaeambiwa hivo ni mwenye oda kubwa au mwenye kitu ambacho bado kiko ndani ya mafuta. Nyuma yenu labda kulikuwa na mtu mmoja kataka chipsi na soda, vyote vipo tayari kwenye mfuko, sasa huyo akae asubiri kuku wa harusi nzima wa nini? Anapewa anaenda zake. Namba za gari hata hakuziona, yule wa dirishani anaangalia mkono wako tu, umeshika hela au umeshika kadi.

Nayajua haya kwa sababu kile kiti nimekikalia. Kabla sijafungua kijiwe changu cha chipsi hapa Kirumba nilikuwa Durban, Afrika Kusini, miaka minne, mwaka wa kwanza nafagia na kujaza barafu, mitatu iliyobaki nipo dirishani na hedifoni kichwani, kwahiyo swali lako limefika kwa mwenyewe.

Kitu ambacho mteja haoni ni saa. Pale kwenye bango la menyu, chini ya lami, kuna waya umezungushwa na una umeme kidogo unapita, gari likisimama juu yake chuma cha gari kinausumbua ule umeme na mashine inajua kuna mtu kaingia. Ndo wanaita sensa, siyo ile ya 2022 ya kuja kukuuliza paa lako ni la bati au la nyasi. Sensa ikishtuka mimi huku ndani nasikia "ting" sikioni, na kwenye skrini ya jikoni dakika zinaanza kukimbia kwa jina la gari lako. Zinaanza na kijani, ukichelewa zinabadilika rangi, ukichelewa zaidi zinakuwa nyekundu na hapo meneja anakuja kusimama nyuma yako, haongei, anapumua tu. Ile saa haijui kama mama mkwe anaulizia ugali. Haijui kama mtoto kadondosha noti chini ya siti. Inahesabu mpaka gari litoke pale dirishani, na jioni wanapiga wastani wa zamu nzima, wewe umeshashiba umelala, anaeitwa ofisini ni yule binti wa hedifoni.

Ndo maana mlitolewa mkapaki. Noah ikitoka dirishani saa yenu inasimama, foleni inatembea, kuku wenu wanaletewa kwa miguu. Kwahiyo ukiambiwa hivo nenda bila kununa, paki kwenye namba uliyoonyeshwa na siyo unayoipenda wewe, shusha kioo, na usishuke kwenda kugonga dirisha kila baada ya dakika. Kama umesubiri kweli kweli na umeona walioingia nyuma yako na wao wameshapaki wameshapewa, hapo shuka, ingia ndani na risiti, uliza kistaarabu. Mifuko inasahaulika kaunta, mi mwenyewe nimeshasahau mfuko wa mtu mpaka chipsi zikawa kama vijiti vya kiberiti.

Hiyo sensa inatuleta kwenye kosa ambalo nadhani hukulifanya ila nalisema kwa faida ya wengine. Watu wanasimama mbali na bango, mita moja kabla, wanasoma menyu kwanza kwa raha zao, sasa waya haujaguswa, ndani hatujui kama upo, wewe unaona "mbona hawanihudumii" unaanza honi. Sogea mpaka kioo chako kiwe sawa na spika. Ukiona kimya, sogea mbele kidogo au rudi nyuma kidogo kama hamna gari, ting italia. Pikipiki ndo shida kabisa kwa sababu chuma chake kidogo, sensa wakati mwingine haimuoni, kuna mshkaji mmoja alikaa pale na pikipiki anaongea na bango mpaka dereva wa nyuma yake akaja dirishani kwa miguu kutuambia jamani kuna mtu wenu kule.

Na kuna siri nyingine ya ile ting, hii ishike: sehemu nyingi sensa ikishashtuka ile maiki inakuwa wazi hata kama mimi sijakukaribisha. Yani mnachoongea garini nakisikia. Ijumaa moja jioni, kule kule Durban, nipo narudisha chenji kwa gari la mbele, sikioni nasikia ting, alafu Kiswahili. Kiswahili safi kabisa cha nyumbani, na wanaongea kwa kujiachia manake wanajua pale hakuna anaewaelewa. Mmoja anasema, "Jana kale kadada ka dirishani kamenibania sosi, kana roho mbaya kama kachawi." Mwenzake anacheka. Mi nimeshika chenji ya watu mkononi nimeganda. Kale kadada ndo mimi, na ni kweli sosi nilimbania, meneja alikuwa ametuambia mbili mbili kila mfuko. Nikamalizana na yule wa mbele, nikabonyeza kitufe nikasema, "Karibuni sana kaka zangu, leo sosi zipo." Kimya. Nikasikia tu mtu anavuta breki ya mkono. Walivyofika dirishani dereva alikuwa anaangalia mbele kama anafanya mtihani wa leseni, nikawawekea sosi nne, na tokea siku hiyo wakawa wateja wangu wa kunisalimia kwa jina. Wewe usibahatishe. Ukishapita lile bango ongea ya msosi tu, ugomvi wa nyumbani na habari za "huyu mbona anaongea hivi" subirini mtoke.

Sasa shikamoo yako. Usione aibu, mi imenifurahisha, mtu aliyelelewa vizuri akishtuliwa na sauti asiyoijua anaamkia. Ila yule wa Nairobi pengine alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, ukampa shikamoo na familia nzima inacheka nyuma, hajui ajibu marahaba au aulize unataka nini. Sisi watu wa huku salamu zetu ni ndefu, hapa kwetu ukimwambia mtu mwangaluka ya Kisukuma tu bila kuuliza za nyumbani na za watoto anaona una hasira nae. Kwenye spika ile salamu ipo ila inakatwa: "habari yako" moja inatosha, akijibu unaingia kwenye oda. Usiiruke kabisa. Kuna wanaofika na "lete baga mbili", hajasikia hata umemkaribisha, mi mtu wa namna hiyo nilikuwa namhudumia vizuri kwa sababu ndo kazi, lakini neno zuri linakaa sikioni zamu nzima na neno baya pia. Na hapa Watanzania tuna silaha yetu, neno "naomba". "Naomba kuku vipande viwili." Mkenya anaweza kusema nipatie na hana nia mbaya, kwao ndo imekaa hivo, lakini nakuhakikishia "naomba" ya Mtanzania ikiingia kwenye hedifoni saa mbili usiku mtu amesimama tokea saa nane mchana, inapoza miguu.

Haya turudi kwenye Noah, manake hapo ndo kwenye kesi yenyewe.

Ningekuwa mimi kwenye ule usukani, ningesimama kabla. Sheli, kando ya barabara, popote. Nazima redio, nageuka nyuma, nauliza mmoja mmoja nani anakula nini naandika kwenye simu, na mama mkwe namwambia hapo hapo kwamba mama, hii sehemu ni kuku, chipsi na baga, ugali hamna, utapenda kuku wa pilipili au wa kawaida? Ubishi wote unaishia pale ambapo hamna mtu nyuma yenu. Kufika kwenye spika unakuwa na jibu, huna swali. Kama kuna swali liwe moja tu na la maana, mfano mtoto ana aleji ya karanga, hilo uliza na uulize kwanza kabisa, hamna atakaekulaumu.

Alafu aongee mtu mmoja, na huyo awe dereva, kioo chake ndo kiko na spika. Sijui kwa nini watu wa siti ya nyuma wanadhani wakipiga kelele spika itawasikia, kinachofika kwangu ni kama watu saba wanaogombania daladala Buzuruga asubuhi. Shusha feni ya eisii, inapuliza kwenye maiki kama upepo wa ziwani, na kama gari ni la dizeli linalonguruma wengine huwa wanazima kabisa injini kwa zile sekunde, nilikuwa nawapenda hao watu.

Namna ya kusema oda nayo ina ufundi wake, na hili halifundishwi popote. Tuseme unataka kombo namba tatu, na unataka nne. Ukisema "naomba tatu nne" mimi nimesikia nini? Kombo ya tatu na kombo ya nne? Kombo ya tatu mara nne? Kombo ya nne mara tatu? Vidole vyangu viko juu ya skrini vinasubiri. Sema "kombo namba tatu, ziwe nne," alafu nyamaza. Ile kunyamaza ni muhimu, nipo nabonyeza. Ukisikia "kingine?" ndo unaendelea. Kama kuna kitu cha kuondoa, bila vitunguu, bila pilipili, kiseme hapo hapo pamoja na chakula chake, ukikaa nacho mpaka mwisho ukasema "ile moja isiwe na vitunguu", ipi sasa, zipo nne. Soda zinakuja baada ya chakula, na huko kwenye mashine hamna cha "ya moto", ni baridi na barafu, kwahiyo mama kama hataki baridi useme "bila barafu", zaidi ya hapo mwekee maji. Ukimaliza sema "ni hayo tu". Usiponiambia umemaliza mi nabaki nasubiri, wewe unabaki unasubiri, na saa inatembea. Nikikusomea oda yako sikiliza, usianze kutafuta pochi wakati nakusomea, manake makosa mengi ya oda yangekamatwa pale.

Zile soda mbili za dirishani ndo kosa lako kubwa, mdogo wangu, kubwa kuliko shikamoo, kubwa kuliko ugali. Najua ni soda tu. Ila ukifika dirishani oda yako imeshafungwa, hela imeshajumlishwa, mfuko upo mlangoni, na huyu huyu binti anaekupa chenji sikioni anaongea na gari lililopo kwenye bango na oda ya gari hiyo imeshaingia kwenye mashine baada ya yako. Soda zako mbili inabidi aanze bili upya, amwambie mwenzake aache kujaza za mtu wa nyuma, na mara nyingi mkanganyiko wa mifuko unaanzia hapo, wewe unaondoka na soda na mtu wa nyuma anaondoka na kuku wako. Ukisahau kweli, binadamu tunasahau, uliza: "Samahani, naweza kuongeza soda mbili au nizunguke?" Akisema zunguka, zunguka, au paki uingie ndani.

Na kwa ukweli wangu, watu saba hamkutakiwa kuwa kwenye ile foleni kabisa. Oda ya watu saba, ya ofisi, ya kwaya, ustaarabu ni kupaki na kuingia ndani, mnakaa, mama ananyoosha miguu, watoto wanaenda chooni, na safari ya kutoka Sirari siyo ndogo. Ile njia ya magari inafaa mtu mmoja, wawili, mzazi mwenye mtoto kalala nyuma, mtu asiyeweza kutembea vizuri. McDonald's wenyewe dirisha lao la kwanza walilifungua 1975 mji wa Sierra Vista, Arizona, kwa ajili ya wanajeshi wa kambi ya jirani ya Fort Huachuca ambao walikuwa hawaruhusiwi kushuka kwenye gari huku mtaani wakiwa na nguo zao za kazi za jeshi. Watu waliokatazwa kushuka. Nyie mlikuwa na miguu kumi na nne.

Dirishani penyewe sina mengi. Hela iwe mkononi siyo kwenye soksi, noti zikunjuliwe, simu uwe umekata, usimpe mtu kidole cha "subiri" wakati unaongea na simu na yeye kakunyooshea mfuko wa moto. Kinywaji cha moto kipokee kwa mikono miwili. Hesabu mifuko na soda kwa macho, sogea, paki, ndo ukague vizuri, kufungua kila baga pale pale dirishani na kuinusa ni kuwafungulia honi walio nyuma. Ukikuta kimepungua usirudi rivasi kwenye ile njia, jamani, nimeona bampa mbili zikibusiana kwa sababu ya kipande kimoja cha paja, ingia ndani na risiti. Na umkumbuke aliyepo dirishani hajakaanga yeye. Na kaka zangu mnaoomba namba ya simu ya binti wa dirishani, pale hawezi kukukimbia, kafungwa na hedifoni na meneja yupo nyuma yake, anatabasamu kwa sababu analipwa kutabasamu, usilichukulie kama jibu.

Sasa honi. Hapa najibu kama mwenye karai, kwahiyo nina upande.

Wewe unaita huduma na nakukubalia nusu. Kuletewa chakula garini ni kitu cha zamani kuliko hata hayo madirisha, kule Marekani mgahawa wa Pig Stand wa Dallas ulikuwa unawapelekea watu chakula kwenye magari tokea 1921, mhudumu anakuja mpaka mlangoni kwako kuchukua oda. Spika ya kuongea na jikoni ilikuja baadae, Harry Snyder na In-N-Out yake California mwaka 1948. Na hao wa kupeleka garini walisumbuka sana na honi, sehemu nyingi wakaweka vibao: ukitaka kuhudumiwa washa taa. Taa tu. Kwahiyo kutaka kuletewa garini ni jambo la kistaarabu kabisa mahali ambapo kuna mtu ambae kazi yake ni hiyo.

Kwangu hayupo. Niko mimi na kijana mmoja. Kijana anakaanga, mi nakata kachumbari, napokea hela, nafunga, naangalia ujumbe wa lipa namba kama umeingia. Njoo usimame kidogo hapa kwetu saa mbili usiku, mpira umeisha uwanjani, karai limejaa mafuta yanachemka na zege ya mtu ipo juu ya jiko la pili, mayai yanaanza kushika pembeni. Piiii! Tunageuka wote. Anageuka na mama wa mishkaki, na jamaa wa mahindi, hatujui anaitwa nani. Kioo kimeshuka nusu, mkono umetoka, "We chipsi! Njoo!" Mimi jina langu chipsi. Kijana anaacha mafuta, anavuka barabara katikati ya bodaboda, anafika anaulizwa, "Chipsi mayai bei gani?" Anajibu. "Na kuku?" Anajibu. "Ngoja niulize wenzangu." Anarudi mayai yameungua, na hiyo zege ilikuwa ya mtu aliyekuja kwa miguu na akasema shikamoo mama. Mkono wa kushoto wa yule kijana una kovu kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na saa, alikimbilia honi akagonga mpini wa karai.

Hii ya kumuita mtu kwa jina la bidhaa yake tumeizoea kwenye mabasi, we mayai, we maji, we karanga, na mi naichukia tokea enzi zile za kivuko cha Kigongo. Ulipata kukaa ile foleni kabla daraja la JPM halijafunguliwa Juni 2025? Magari yamepanga mstari, kina mama na vijana wanapita dirisha hadi dirisha na mabeseni, samaki wa kukaanga, mayai, karanga, ndo ilikuwa draivu-thruu yetu ya ziwani na hakuna aliyeiita hivo. Kulikuwa na watu na adabu zao, anaita "mama samahani", anashika hela kwanza ndo anachagua samaki, hakandamizi wote kwa dole gumba. Na kulikuwa na yule anaeshika samaki ndani ya gari, kivuko kimeita, gari linasogea, ndo anaanza kutafuta pochi, na mama wa watu anakimbia na beseni kichwani pembeni ya tairi. Nimeliona hilo kwa macho yangu nikiwa siti ya dirishani, na hela ilitupwa ikaangukia kwenye tope.

Kwahiyo mke wako kapatia zaidi yako, samahani. Ukitaka uletewe garini, namba yangu imeandikwa pale ukutani, piga kabla hujafika, sema uko umbali gani na unataka nini, nitafunga na kijana atakuletea kwa furaha, mvua ikinyesha ndo kabisa, na kwa mzee asiyeweza kushuka namtuma kijana kwanza. Kama hukupiga, paki, washa taa za hazadi, mpe mtu dakika, tutakuona. Ukilipa kwa lipa namba subiri ujumbe uingie kwangu, usinionyeshe picha ya muamala kwenye simu yako nikiwa nimeshika mwiko, nimeshalia kwa hizo picha. Chombo kikiwa cha kwangu, sahani au bakuli, usiondoke nacho mpaka Nyegezi.

Na ekzosi. Hili hamna anaelisema. Watu wanarudi rivasi mpaka karibu na meza ili kijana asitembee sana, wanaona wametuhurumia, injini inawaka, na ile bomba inapuliza moshi moja kwa moja kwenye beseni la kachumbari. Alafu anarudi kesho anasema chipsi zako zinanukia petroli.

Mama mkwe mlete Jumamosi. Ugali upo, sato wa kuchemsha na wa kukaanga wote wapo, soda ya moto ipo ametunziwa kreti nzima. Noah mtaipaki kule kwa fundi baiskeli, kichwa kiangalie huku na ekzosi iangalie barabarani, na nyie wote saba mtashuka.